Kutunza kiporo kabla bakteria hawajaanza kutengeneza sumu

Ukipasha kiporo cha wali hadi kikafuka mvuke na bado ukatapika saa mbili baada ya kukila, kosa halikufanyika asubuhi ile. Lilifanyika usiku, sufuria ilipolala mezani na wali ukapoa polepole. Moto huua bakteria, lakini baadhi ya sumu walizokwisha kuzitengeneza haziharibiwi na moto wa jikoni. Kwa hiyo anayetaka kula kiporo kwa usalama hana budi kufahamu kwanza ni wakati gani bakteria huanza kutoa sumu, kwani hawaitoi muda wote.

Kutengeneza sumu humgharimu bakteria chakula na nguvu, ndiyo maana jeni nyingi za sumu, yaani maelekezo ya urithi ya kuitengeneza, huwa zimezimwa mpaka ipatikane ishara ya kuziwasha. Mchukue bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye spora zake, yaani chembe ngumu za kujihifadhi, huwemo kwenye mchele tangu shambani na hustahimili kuchemshwa. Wali unapopoa, spora hizo huchipua na bakteria huanza kuzaana. Wakati wa kuzaana kwa kasi, protini iitwayo AbrB huzikalia jeni za sumu ya kutapisha, yaani sereulidi, na kuzizuia zisifanye kazi. Bakteria wanapokuwa wengi na lishe ikaanza kuwapungukia, protini nyingine, Spo0A, humwondoa AbrB njiani, na hapo ndipo sumu inapoanza kuingia kwenye wali. Sereulidi ikishakuwemo, hata nyuzi joto 121 kwa dakika 90 haziiharibu, sembuse jiko la mkaa.

Bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, ambaye takriban watu 3 kati ya 10 humbeba puani, huhesabu umati wake kwa njia nyingine. Kila bakteria hutoa nje kipande kidogo cha protini. Vipande hivyo vikilundikana kwa sababu bakteria ni wengi, huwasha mfumo uitwao agr, ambao huchochea utengenezaji wa sumu kadhaa. Hata hivyo, sumu yake ya aina ya A, ambayo ndiyo huhusishwa zaidi na watu kudhurika kwa chakula, haitegemei mfumo huo. Kwa sababu hiyo usitegemee muda peke yake: nawa mikono kwa sabuni, tumia mwiko safi kupakulia, na mwenye jipu au kidonda mkononi asishike chakula kilichokwisha kuiva.

Hesabu saa mbili tangu chakula kitoke motoni. Ndani ya muda huo kiwe kimeliwa, kimeingia kwenye jokofu lenye nyuzi joto chini ya 5, au kinaendelea kuwekwa katika joto la zaidi ya nyuzi 60. Wali utandaze kwenye sinia pana, kina chake kisizidi sentimita 5, kisha ufunike kwa kawa ili nzi wasitue na mvuke upate pa kutokea. Sufuria ya mchuzi itie ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge kwa mwiko safi na kubadilisha maji kila yanapopata uvuguvugu. Usiweke chakula vuguvugu ndani ya hotpoti ukidhani umekihifadhi, maana hilo ndilo joto ambalo bakteria hawa hulipenda.

Sufuria kubwa ya pilau ya nyama ya shughuli inahitaji uangalifu wa pekee, kwani katikati yake hubaki na joto kwa saa nyingi na hewa haifiki, hali inayomfaa sana bakteria wa tatu, Clostridium perfringens. Huyu hutengeneza sumu yake hasa akiwa tumboni mwa mlaji: anapounda spora, sumu hujilimbikiza ndani ya seli, nayo humwagika seli inapopasuka. Hapa kupasha moto kunasaidia kweli, kwa kuwa bakteria walio hai hufa kabla ya kumezwa, mradi joto lifike nyuzi 75 hadi katikati ya chakula. Igawe pilau katika vyombo vidogo usiku uleule, na asubuhi uigeuzegeuze jikoni mpaka yote iwe ya moto sana.

Nyumba isiyo na jokofu ipike kinachotosha mlo mmoja, na kinachobaki kigawiwe majirani kingali cha moto. Kumwaga chakula kunauma, hasa mchele unaponunuliwa kwa shida, lakini wali uliolala mezani usiku kucha mimi nakusihi uumwage, hata kama hauna harufu, kwa maana sereulidi hainuki wala haina ladha.

Mtu akitapika kati ya saa 1 na 6 baada ya kula, wa kulaumiwa mara nyingi ni wale wawili wa mwanzo; tumbo la kusokota na kuharisha baada ya saa 8 hadi 12 huelekea kwa yule wa pilau. Mpe kidogo kidogo maji yaliyochanganywa na dawa ya pakiti ya chumvi na sukari (ORS), na umpeleke hospitali upesi iwapo ni mtoto mchanga, iwapo anaharisha damu, au iwapo amelegea na hapati mkojo.