Kuuza nyumba ya urithi bila kukwama: niliyopitia kama msimamizi wa mirathi

Mnunuzi wa nyumba ya marehemu baba alipatikana mwezi wa nne. Hati ilitoka kwa jina la mnunuzi huyo mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Katika miezi hiyo kumi, kazi yenyewe ya kujaza fomu, kusaini na kulipia haikufika hata wiki tatu. Muda uliobaki uliliwa na mambo mawili: herufi moja ya jina, na shilingi milioni 10 tulizopokea mapema.

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyeko pale nilipokuwa mimi: mahakama imeshamteua au iko njiani kumteua, ndugu wamekubaliana kuuza, na dalali ameshaanza kupiga simu asubuhi na jioni. Ni mambo ya Tanzania Bara, kwa nyumba yenye hati. Mwenye leseni ya makazi au karatasi za mauziano za serikali ya mtaa atapita njia nyingine upande wa ardhi, lakini ya mahakamani ni yaleyale.

Mahakamani

Hapa sitakaa sana, maana wengi mnapafahamu. Cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini za wote waliohudhuria, barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho, fomu ya maombi, tangazo, kisha siku ya kusikilizwa. Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Nyingine huenda mahakama za juu yake. Huko juu, kama marehemu ana zaidi ya miaka mitatu tangu afariki, andaeni mapema maelezo ya kwa nini mmechelewa, kwa sababu mtaulizwa.

Ukishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo unapewa Fomu Na. IV, yaani barua ya uteuzi wako. Omba nakala kadhaa zilizogongwa muhuri wa mahakama siku hiyohiyo. Ofisi ya ardhi itabaki na yake, benki yake, TRA (mamlaka ya mapato) yake, na wakili wa mnunuzi naye ataitaka.

Kuanzia siku hiyo una miezi minne ya kurudisha Fomu Na. V, yaani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Kwa mahakama za juu ni miezi sita. Nyumba iandikwe humo kama inavyosomeka kwenye hati: namba ya kiwanja, kitalu, eneo, namba ya hati. Sisi tuliandika "nyumba moja ya vyumba sita jirani na msikiti", ikabidi turudi kuomba marekebisho, maana kwa mtu wa ardhi maneno hayo hayaonyeshi nyumba yoyote.

Mama kwanza

Kabla hamjazungumza bei, kaeni na mjane. Nyumba mnayoiita "ya baba" mara nyingi mama aliijenga pamoja naye: kama hakutoa fedha, alibeba maji ya kufyatulia matofali, akapikia mafundi, akalea nyie wakati baba yuko kazini. Sheria zetu zinautambua mchango wa namna hiyo katika mali ya ndoa. Sehemu aliyochuma mwenyewe ni yake, haiingii kwenye fungu la kugawana. Baada ya hapo ndipo anarithi kama mjane. Kama mama ana dai hilo, lisemwe mahakamani mapema, kabla ya Fomu Na. V, siyo siku mnunuzi amekuja na hundi. Na kama bado anaishi humo, muamue kwanza atahamia wapi na kwa fedha ipi. Sisi tuliliandika hilo kwenye muhtasari wa familia: chumba na sebule vya mama vinunuliwe kwanza, ndipo watoto wagawane. Hakuna kikao nilichotoka nikiwa na moyo mwepesi kuliko kile.

Nani anauza: msimamizi au warithi?

Njia ni mbili, na mchague mapema. Ya kwanza, msimamizi anauza nyumba mirathi ikiwa bado wazi, halafu anagawa fedha. Anayesaini uhamisho ni mmoja. Ya pili, nyumba inagawiwa warithi, majina yao yote yanaingia kwenye hati, kisha wanauza wao kama wamiliki wa pamoja. Hapo kila mmoja lazima asaini, na mwenye mwenzi wa ndoa ataulizwa ridhaa ya mwenzi wake. Warithi saba ni saini saba, picha saba, na mmoja wao siku zote yuko safarini.

Kama nia ni kuuza, uzeni kupitia msimamizi. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kufunga mirathi mahakamani huku nyumba bado inasoma jina la marehemu, kisha miaka mitatu baadaye wanataka kuuza. Msimamizi aliyekwisha kutoa hesabu za mwisho na jalada likafungwa amemaliza kazi yake, na ile Fomu Na. IV aliyoitunza kabatini haimpi tena nguvu ya kuuza.

Kwa sheria, msimamizi ana mamlaka ya kuuza, na zipo hukumu zinazosema halazimiki kupata kibali cha kila mrithi. Msiitegemee sentensi hiyo. Mrithi mmoja aliyenuna akiweka zuio, yaani pingamizi, kwa Msajili wa Hati anayetunza daftari la umiliki wa ardhi, uhamisho unasimama hadi zuio litoke. Chukueni ridhaa ya maandishi ya kila mrithi, yenye picha na saini, mbele ya wakili. Dada yetu anaishi Muscat; yeye alisaini ubalozini na karatasi halisi ikatumwa na msafiri. Tulijaribu kwanza kutumia picha ya WhatsApp, ikakataliwa.

Herufi moja

Hati ya baba ilikuwa kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la mama, chini ya kanga. Imepigwa kwa taipureta, karatasi imeanza kuwa ya manjano pembeni. Jina la kwanza limeandikwa Ramadhani, na jina la babu limefupishwa kwa herufi moja na nukta. Cheti cha kifo kinasema Ramadhan, bila "i", na jina la babu limeandikwa lote. Fomu Na. IV ilifuata cheti cha kifo.

Dada wa kaunta ya ofisi ya ardhi alizilaza karatasi zote tatu kwa mstari, akaweka ncha ya kalamu chini ya ile "i", akaniambia kwa upole kabisa: "Kaka, kwangu hawa ni watu wawili, mpaka uniletee karatasi inayosema ni mmoja."

Kiapo cha majina peke yake hakikutosha. Kilihitaji vielelezo: kadi ya zamani ya mpiga kura, cheti cha ndoa, karatasi za pensheni, stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka ya nyuma zenye jina lile la kwenye hati. Hivyo tulivipata kwa siku mbili. Kilichochukua miezi ni mahakama kurekebisha uteuzi usomeke "Ramadhan, aliyejulikana pia kama Ramadhani". Hakimu aliyetuteua alikuwa amehamishwa, jalada likatafutwa, tukapangiwa tarehe, ikaahirishwa, tukapangiwa nyingine.

Yote hayo yangeepukika kwa asubuhi moja. Kabla hamjafungua mirathi, fanyeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Mnalipia kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, mnapata karatasi inayoonyesha jina la mmiliki lilivyosajiliwa, rehani kama ipo, na zuio kama lipo. Kisha ombi la mirathi liandikwe kwa majina yote ambayo marehemu amewahi kuandikwa, kuanzia siku ya kwanza. Upekuzi huohuo ndio unaofichua rehani ya benki ambayo mzee alimaliza kulipa zamani lakini haikufutwa kwenye daftari. Hiyo nayo ina safari yake: barua ya benki na fomu ya kuifuta, na bila hivyo hamuendi mbele.

Jina lako kuingia kwenye hati

Hatua hii wengi wanairuka, wakidhani Fomu Na. IV inatosha kumsainia mnunuzi. Haitoshi. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kifungu cha 67, inamtaka msimamizi aombe kwanza kusajiliwa mahali pa marehemu. Peleka hati halisi, Fomu Na. IV, cheti cha kifo, kitambulisho cha taifa (NIDA), picha, na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, ile ambayo mwenye hati huilipa serikalini kila mwaka. Hati itarudi ikiwa na jina lako, likifuatiwa na maneno yanayosema wewe ni msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Maneno hayo ndiyo yanayokukumbusha wewe na kila atakayeisoma kwamba nyumba si yako.

Kodi ya pango iangalie mapema. Marehemu akiugua muda mrefu, hakuna anayeikumbuka, na deni linaongezeka kwa riba. Usiichanganye na kodi ya majengo, ile inayokatwa unaponunua umeme wa LUKU tangu 2021. Kuna watu walionyesha risiti za umeme wakidhani wamelipa kodi ya ardhi.

Fedha ya mnunuzi

Hapa ndipo tulipoumia. Mwezi wa nne hati ilikuwa bado inasoma jina la baba, Fomu Na. IV ina jina lisilolingana, na mnunuzi akatoa milioni 10 za kushikilia nyumba, katika bei ya milioni 90. Tulifurahi. Tukazigawana wiki ileile. Mmoja akalipa ada ya watoto, mwingine akamalizia kupaua. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, hausemi itakuwaje tukichelewa.

Mwezi wa tisa mnunuzi akataka fedha yake, na alikuwa na haki. Hatukuwa nayo. Mwishowe alikubali kuendelea kwa sharti la kupunguziwa milioni 5. Zile milioni 5 zilitoka kwenye fungu la watu wote, pamoja na mdogo wetu wa mwisho ambaye hakuwahi kugusa hata senti ya ile advansi.

Kwa hiyo: usipokee fedha kabla jina lako halijaingia kwenye hati. Mnunuzi akisisitiza, fungua akaunti ya mirathi benki kwa kutumia Fomu Na. IV, fedha iingie humo na ikae humo. Mkataba uandikwe na wakili, useme fedha inayobaki inalipwa lini, uhamisho ukichelewa muda gani mnunuzi anarudishiwa, nani analipa kodi ipi, na mama anahama tarehe gani. Asilimia ya dalali nayo iandikwe, na alipwe fedha ikishaingia, siyo kwa ahadi. Mtu wa serikali ya mtaa akidai fungu la mauzo, mwombe kontroo namba na stakabadhi ya serikali. Asipokuwa nayo, usimpe.

TRA na fomu za uhamisho

Tafuta mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, yaani inatoka kwenye mirathi: asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na zaidi ya hapo kwa asiye mkazi. Shida ya nyumba za wazee wetu ni kwamba hakuna risiti za ujenzi. Saruji ya miaka ya themanini nani ana stakabadhi yake? Kwa marekebisho ya 2023, mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei ya kuuza au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Sisi tulilipa kwa njia hiyo. Usiandike bei ya uongo kwenye mkataba ili kupunguza kodi: thamani iliyoidhinishwa itakuumbua, na warithi wenzako watauliza tofauti imekwenda wapi.

Ushuru wa stempu, kama asilimia 1 ya thamani, ni wa mnunuzi, na ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini.

Kisha zinakuja Fomu za Ardhi Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya kuomba kibali, na Na. 35 ya uhamisho wenyewe. Wakili anazijua kwa kichwa. Wewe hakikisha tu kila mahali pa muuzaji pameandikwa jina lako pamoja na maneno "msimamizi wa mirathi", na kwamba jina la marehemu limeandikwa sawasawa na kwenye hati mpya. Mimi nilisoma herufi kwa herufi nikiwa nimeweka rula chini ya mstari. Msajili hakurudisha hata karatasi moja.

Mgawanyo

Lipa madeni ya marehemu kwanza, na gharama za mirathi zenye risiti. Sehemu ya mama ikatoka, chumba na sebule vikanunuliwa. Baki likagawiwa kwa mafungu ya sheria mliyofungulia mirathi, kila mrithi kwa benki, siyo mkononi. Mkononi hakuna ushahidi, na ndugu wakikorofishana mwaka wa tano hakuna atakayekumbuka alihesabiwa ngapi.

Hati za benki zote ziambatanishwe kwenye Fomu Na. VI, hesabu za mwisho, zipelekwe mahakamani warithi wote wakiwa na taarifa. Karani atagonga muhuri kwenye nakala yako. Yangu iko kwenye ileile bahasha ya kaki, ndani ya sanduku la mama, nyumbani kwake kupya.