Namna ya kuisoma Zaburi ya 137 kama shairi, mpaka aya ya mwisho

Niliwahi kuongoza usomaji wa Zaburi hii katika jumuiya yetu ndogo ndogo. Nikasoma aya ya kwanza mpaka ya sita, nikafunga kitabu. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akaniuliza, "Mwalimu, mbona umeishia njiani?" Nikamwambia, "Bibi, zilizobaki ni ngumu." Akasema, "Ngumu kwa nani?" Sikuwa na la kujibu.

Tangu siku ile nimeisoma Zaburi hii na vikundi vingi, wanafunzi wa fasihi na watu wa kanisani, na hatua ninazoeleza hapa ndizo zilizobaki baada ya kujaribu na kukosea. Andaa Biblia mbili za tafsiri tofauti, karatasi, na kalamu za rangi tatu. Kiebrania si lazima ukijue. Maneno machache utakayoyahitaji nitakupa. Kama Biblia yako inafuata namba za Zaburi za Biblia ya Kilatini, Zaburi hii utaikuta kwenye namba 136.

Hatua ya kwanza: weka vina na mizani kando

Sisi tuliolelewa na shairi la Kiswahili, jicho letu hukimbilia mwisho wa kipande kutafuta kina, na vidole huanza kuhesabu nane kwa nane. Hapa hutapata. Ushairi wa Kiebrania cha kale unasimama juu ya usambamba: kipande cha kwanza kinasema jambo, cha pili kinalirudia kwa sura nyingine, au kinalisukuma mbele, au kinaligeuza. Robert Lowth, mhadhiri wa Oxford, ndiye aliyeueleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1753, na mpaka leo wasomaji wanabishana naye lakini wanaanzia kwake.

Kwa hiyo andika upya Zaburi yote kwa mkono wako, kila kipande kwenye mstari wake. Usiruke kazi hii. Mkono unaona mambo ambayo jicho limeshayazoea.

Kuna na mahadhi ya kilio. Mwaka 1882 msomi wa Biblia Karl Budde alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kitabu cha Maombolezo inakwenda kwa mapigo matatu kisha mawili, kama mtu anayechechemea nyuma ya jeneza. Zaburi ya 137 haishiki mwendo huo kila mahali, lakini inaanza nao. Soma kwa sauti: *al naharot Bavel*, mapigo matatu, *sham yashavnu*, mawili. "Kwenye mito ya Babeli, huko tulikaa." Mguu mmoja mfupi.

Hatua ya pili: jua kisa, lakini usizame humo

Babeli ilichukua mateka wa kwanza kutoka Yerusalemu mwaka 597 kabla ya Kristo, pamoja na mfalme Yekonia. Mji na hekalu vikabomolewa karibu miaka kumi baadaye, 587 au 586. Yeremia 52 inataja waliohamishwa katika awamu tatu: 3,023, kisha 832, kisha 745. Mwaka 539 Koreshi wa Uajemi akaitwaa Babeli, na njia ya kurudi ikafunguka.

Wengi tunawaza mateka hawa wakiwa ndani ya minyororo. Vibao vya udongo vinasema mambo mengine. Vilivyochimbuliwa Babeli na kuchapishwa na Ernst Weidner mwaka 1939 vinaorodhesha posho ya mafuta kwa "Yaukinu, mfalme wa Yahudu", yaani Yekonia yuleyule. Vingine, vilivyochapishwa mwaka 2014 na Laurie Pearce na Cornelia Wunsch, vinatoka kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, "Mji wa Yuda", ndani ya nchi ya Babeli: watu wenye majina ya Kiyahudi wanalima, wanakopeshana shayiri, wanalipa kodi. Na hiyo "mito" ni pamoja na mifereji ya kumwagilia mashamba iliyotoka Frati.

Kitenzi cha Kiebrania *yashav* maana yake ni kuketi, na pia ni kuishi mahali. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu "kukaa" ni hivyohivyo: unakaa kwenye mkeka na unakaa Mbagala. Tafsiri ikiandika "tuliketi" unaona watu kwenye ukingo wa maji wakilia alasiri moja. Ukisoma "tulikaa", unaona miaka. Mimi nashika "tulikaa".

Hatua ya tatu: paka rangi nafsi

Rangi ya kwanza kwa "sisi", ya pili kwa "mimi", ya tatu kwa "wewe". Ukimaliza, karatasi yenyewe itakuonyesha shairi limegawanyika wapi.

Aya ya 1 mpaka ya 3 zimejaa "sisi". Kwa Kiebrania sauti hiyo ni *-nu* inayotua mwishoni mwa neno: *yashavnu, bakhinu, talinu, kinnorotenu*. Unasikia kama mtu anayeguna. Kiswahili kinaiweka mwanzoni: tulikaa, tukalia, tulipokumbuka, tukatundika. Mwangwi haupotei, umehamia upande wa pili wa neno tu. Wafasiri wa lugha nyingi wangetamani zawadi hii.

Humohumo mna mchezo wa sauti mkali: *yashavnu*, tulikaa, na *shovenu*, waliotuteka. Sikio linayasikia kama ndugu.

Kisha aya ya 5 inakata ghafla. "Sisi" inatoweka na "mimi" anasimama peke yake akiongea na Yerusalemu kana kwamba ni mtu: "Nikikusahau, Yerusalemu." Aya ya 7 anaambiwa Mungu. Aya ya 8 na 9 anaambiwa binti Babeli. Weka alama kila msikilizaji anapobadilika.

Zungushia pia neno "huko", *sham*. Limo katika aya ya 1 na ya 3. Mtu aliye Babeli angesema "hapa". Anayesema "huko" yuko mbali na mahali pale, ama kwa miguu ama kwa moyo, na ndiyo sababu wasomi wengi huona shairi hili limetungwa baada ya kurudi, magofu ya Yerusalemu yakiwa mbele ya macho. Nakubaliana nao, ingawa neno moja ni ushahidi mwembamba.

Hatua ya nne: fuata maneno yanayorudi

"Kumbuka" inatokea mara tatu: aya ya 1 tunamkumbuka Sayuni, aya ya 6 nisipokukumbuka wewe, aya ya 7 Mungu anaombwa awakumbukie Waedomi. Neno lilelile linaanza kama kilio, linakuwa kiapo, linaishia kuwa mashtaka. "Sahau" iko mara mbili katika aya moja.

Mzizi wa "imba" na "wimbo" umo mara tano ndani ya aya mbili, ya 3 na ya 4. Angalia ubishi uliojificha humo: watekaji wanadai "wimbo wa Sayuni", kama mtu anayeomba ngoma ya kabila fulani imburudishe. Jibu linasema "wimbo wa BWANA". Jina la wimbo limebadilishwa mdomoni mwa mwimbaji. Na jibu lenyewe linaanza na *eikh*, "jinsi gani?", jamaa wa karibu wa neno *eikhah* linalofungua sura ya 1, 2 na 4 za Maombolezo. Ni swali, na ni kilio cha msibani. Kiswahili kinalibeba kwa silabi moja: tuimbeje?

Dai lenyewe la watekaji halikuwa la kubuni. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna mchongo kutoka jumba la Senakeribu wa Ashuru huko Ninawi, wa zaidi ya miaka 100 kabla ya uhamisho wa Babeli: mateka watatu wanatembea wakipiga vinubi, na askari yuko pamoja nao.

Nikishataja vinubi: *kinnor* ya Kiebrania si kile kinubi kikubwa cha malaika kwenye kalenda za Noeli. Ni ala ndogo ya kubebeka yenye mikono miwili na mti wa kupitia juu, ya ukoo mmoja na nyatiti ya Wajaluo na litungu la Waluhya. Ndiyo maana inatundikika mtini.

Hatua ya tano: uliza anayeongea anafanya kazi gani

Hatua hii wengi wanaipita. Soma kiapo cha aya ya 5 na 6. Nakitafsiri hivi:

Nikikusahau, Yerusalemu,
mkono wangu wa kulia na usahau.
Ulimi wangu na ugande kwenye kaakaa
nisipokukumbuka.

Masharti yako nje, adhabu ziko ndani. Na adhabu ni mkono na ulimi. Kwa nini si macho wala miguu? Kwa sababu anayeapa ni mwanamuziki: mkono hupiga nyuzi, ulimi huimba. Anajilaani kazi yake.

Mkono usahau nini? Kiebrania hakisemi. Tafsiri nyingine zinajaza pengo kwa kuongeza "ustadi wake", na nyingine zinasoma "unyauke". Nakushauri uliache pengo wazi. Kitenzi kinachokosa kitu chake ni mkono ambao tayari umeanza kusahau.

Sasa fungua Maombolezo 4:4. Yerusalemu imezingirwa na njaa imeingia: ulimi wa mtoto anyonyaye umegandamana na kaakaa lake kwa kiu, na watoto wadogo wanaomba chakula wala hapana wa kuwamegea. Kitenzi ni kilekile, ulimi uleule, kaakaa lilelile. Hata kuomba kwa watoto hao, *sha'alu*, ni kitenzi kilichotumika kwa watekaji walioomba wimbo. Kwa hiyo mwimbaji hajachagua laana yake kutoka hewani. Anasema: nikisahau, na nife kifo cha wale watoto. Shika hilo mkononi kabla ya kuendelea.

Hatua ya sita: usikate aya ya 7 mpaka ya 9

Mimi nilikata, na sikuwa wa kwanza. Liturujia ya Vipindi, yaani sala za kila siku za Kanisa Katoliki, iliyotolewa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, inaishia aya ya 6. Wimbo wa dansi uliovuma dunia nzima miaka ya 1970 haukufika hata hapo. Augustino wa Hippo, askofu wa kale, alizisoma aya hizo, lakini kwa mafumbo: watoto wa Babeli ni tamaa mbaya zinazozaliwa moyoni, na mwamba ni Kristo. Kwa sala, sina ugomvi na hilo. Kwa msomaji wa shairi, ni kuruka ukuta badala ya kupita mlangoni.

Anza na Edomu, taifa la Esau nduguye Yakobo. Siku mji ulipoanguka walipiga kelele *aru, aru*. Tafsiri nyingi husema "bomoeni", lakini mzizi wake ni kuacha wazi, kuvua: "Ivueni! Ivueni mpaka msingi!" Mji unaongelewa kama mwanamke, na ndugu yake ndiye anayeshangilia avuliwe. Maombolezo 4:21 inamgeuzia binti Edomu mzizi huohuo: nawe utalewa na kujivua.

Aya ya 8 na 9 zote mbili zina "heri", *ashrei*, neno lilelile linalofungua Zaburi ya 1: heri mtu yule. Mshairi amelichukua neno la baraka na kulikabidhi kwa atakayelipiza. Usijaribu kulipoza. Liache likukwaruze.

Kisha neno la kutisha kuliko yote, *olalayikh*, "wadogo wako", wale watakaopondwa mwambani. Rudi tena Maombolezo, 2:19. Sayuni anaambiwa ainue mikono kwa Mungu kwa ajili ya uhai wa *olalayikh*, wanaozimia kwa njaa mwanzo wa kila njia. Umbo la neno ni hilohilo, herufi kwa herufi. Kule, "wadogo wako" ni watoto wa Sayuni. Hapa ni watoto wa Babeli. Aya ya 8 imeshatangaza hesabu: ulivyotutenda, utendwe.

Nikiwa na kikundi, hapo nasimama na kuuliza: anayesema haya ameona nini? Majibu huja yenyewe, na aghalabu mtu mmoja hukaa kimya. Sibishani kama mshairi ana haki. Shairi linayasema maneno hayo mbele ya Mungu. Halimpi mtu yeyote jiwe. Lakini wala halijiombei radhi, na msomaji anayeliombea radhi amelipunguza.

Yule bibi nilimrudia miezi michache baadaye, nikamsomea zote tisa. Akasema, "Sasa ndiyo umesoma. Huyu kafiwa."

Hatua ya saba: soma kwa sauti, kisha endelea mbele kitabuni

Soma tena bila kusimama. Utaona kwamba baada ya mwamba hakuna haleluya wala "fadhili zake ni za milele", ingawa Zaburi ya 136, iliyotangulia, inalirudia hilo mara 26. Zaburi ya 138 inaanza na mtu anayemwimbia Mungu mbele ya miungu, yaani jambo lilelile ambalo aya ya 4 iliuliza litawezekanaje. Waliopanga kitabu waliziweka jirani, na wewe amua kama hilo ni jibu.

Ukitaka zoezi la pili, chukua Maombolezo sura ya 2. Ina aya 22, kwa kufuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania. Tumia kalamu zilezile tatu, na uongeze ya nne kwa kila mahali anapotajwa mtoto.