Kumtambua mwenye safu ya nishani za Kijerumani: anza na nishani ya bei ndogo

Safu ya nishani za Kijerumani, yaani nishani kadhaa zilizoshonwa pamoja juu ya bamba moja lenye pini nyuma, ni nadra kukutwa na jina la mtu. Waingereza walichonga jina na namba ya askari ukingoni mwa medali zao za Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani hawakuwa na desturi hiyo. Kwa hiyo jina hutafutwa kwa kupunguza: unaanza na maelfu ya watu na kuwaondoa kidogo kidogo mpaka abaki mmoja, au wabaki watatu nawe ukubali kuishia hapo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba safu haikuchezewa. Igeuze uangalie kama uzi ni wa aina moja, kama kitambaa cha nyuma kina alama ya kutu mahali pini ilipolala, na kama utepe uliopauka kwa nje bado una rangi yake ndani ya mkunjo. Taa ya mionzi ya urujuanimno husaidia, kwa kuwa nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini yake. Usifumue mshono hata mmoja. Safu iliyoongezewa nishani moja tu ni sawa na shahidi aliyehongwa, na kila utakachokisoma humo kitakupoteza.

Hatua ya pili ni kusoma mpangilio. Upande wa kushoto wa mtazamaji ndio wenye heshima kubwa, kwa sababu ndio ulio karibu na katikati ya kifua cha mvaaji. Mara nyingi hapo utaukuta Msalaba wa Chuma Daraja la Pili wa 1914, ambao ulitolewa kwa watu wapatao milioni 5 na hivyo haumtambulishi yeyote. Tazama utepe wake tu: mweusi wenye mistari myeupe kandoni ni wa mpiganaji, na mweupe wenye mistari myeusi ni wa asiyekuwa mpiganaji. Daraja la Kwanza lilibandikwa peke yake kifuani, kwa hiyo kutokuwepo kwake katika safu hakuthibitishi lolote.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kazi yote, ni kujua jeshi la nyumbani. Kabla ya 1918, ndani ya Ujerumani, Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg kila moja ilikuwa na mfalme wake na nishani zake. Wanaoanza hukimbilia nishani inayometameta yenye alama ya panga. Mimi huanza na ile ya utumishi wa muda mrefu, ambayo wauzaji huidharau. Mfalme au mtawala mdogo aliweza kumtunuku ofisa mgeni aliyepita mjini kwake, lakini nishani ya utumishi ilitoka kwa jeshi ambalo mtu alilitumikia. Kwa Prussia, kuanzia 1913, wasio maofisa walipewa medali kwa miaka 9 na 12 na msalaba kwa miaka 15, ilhali msalaba wa miaka 25 ulikuwa wa maofisa. Kwa kutupa jicho mara moja umeshamtenga sajini na meja, na umeshajua ni daftari lipi la kufungua.

Kisha weka tarehe. Medali ya 1897, ya ukumbusho wa miaka mia tangu azaliwe Kaiser Wilhelm I, huonyesha kwamba mtu alikuwa katika jeshi la Prussia mwaka huo, au alikuwa mkongwe wa vita vya awali. Medali ya China, ya waliopelekwa huko wakati wa uasi wa Boxer, ni ya 1901. Medali ya Makoloni ilianzishwa 1912, na kibao chenye maneno DEUTSCH-OSTAFRIKA 1905/07 juu ya utepe wake kinahusu Vita vya Maji Maji. Msalaba wa Heshima wa vita vya 1914–1918 ulianzishwa Julai 1934; ukiwa umeshonwa pamoja na nyingine, safu nzima ilishonwa baada ya hapo.

Sasa fungua madaftari. Kwa ofisa wa Prussia kuna Rangliste, orodha ya vyeo iliyochapishwa mara kwa mara, ambayo huweka vifupisho vya nishani kando ya majina. Ondoa kwanza nishani zote zilizotolewa baada ya mwaka wa orodha unayoisoma, ndipo ulinganishe. Mtu mwenye medali ya China pamoja na kibao cha Afrika Mashariki ni wa kundi dogo, na makundi madogo ndiyo yanayotoa majina. Kwa askari wa Prussia asiye ofisa njia ni finyu, kwa kuwa kumbukumbu za jeshi hilo ziliungua Potsdam katika shambulio la mabomu la Aprili 1945. Za Bavaria zimesalia München.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo Mwalimu. Babu yetu hapa Songea alikuwa askari wa Wajerumani, naye aliacha nishani moja isiyo na utepe. Tunaweza kupata kumbukumbu zake?

Marahaba. Kwa nishani hiyo peke yake, hapana, kwa sababu moja haina mpangilio wala mchanganyiko wa kusoma. Andikeni kwanza wanayoyakumbuka wazee: kituo alichotumikia, jina la kamanda wake, na karatasi yoyote iliyohifadhiwa sandukuni. Hayo yana uzito kuliko chuma.

Muuzaji ananiambia safu yake ilikuwa ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza. Nimwamini?

Mwambie akuonyeshe safu hiyo katika picha ya zamani, nishani kwa nishani. Asikuletee habari za Pour le Mérite, nishani ya juu ya Prussia, aliyopewa 1916, kwani ile ilivaliwa shingoni na haikai kwenye safu. Hadithi huongeza bei tu.

Mtu niliyempata analingana na kila kitu, ila alikuwa na nishani moja zaidi ya zile zilizo kwenye safu. Nimwondoe?

Usimwondoe bado. Mtu mmoja aliweza kuwa na safu kadhaa, na fundi alishona upya kila nishani mpya ilipofika. Angalia tarehe ya ile inayokosekana: ikiwa aliipata baada ya nishani ya mwisho iliyo kwenye safu, mwache orodhani, ikiwa aliipata kabla, nayo ni ya kuvaliwa kwenye safu, mfute.