Somo: Kupiga kambi kwa mtumbwi Boundary Waters (soma yote ndio uulize)

Tangu niweke zile picha za Lake Four, ziwa moja la huko, inbox yangu haijapoa, na maswali ni yale yale, kibali natoa wapi, mtumbwi nakodi wapi, dubu je. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hivyo naandika mara moja hapa na atakayeuliza tena nitamtumia linki hii.

Kwa asiyejua, Boundary Waters ni msitu wa maziwa kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mpakani na Kanada, zaidi ya ekari milioni moja na zaidi ya maziwa elfu moja. Ndani hakuna barabara, hakuna duka, hakuna umeme, na simu karibu kote haishiki. Unapiga kafi mpaka mwisho wa ziwa, unashuka, unajitwika mtumbwi na mizigo mpaka ziwa linalofuata, unaendelea. Huko kujitwika ndiko wanaita poteji. Kutoka Minneapolis mpaka Ely, mji wenye maduka ya kukodisha, ni saa nne na kitu kwa gari.

Hatua ya 1, kibali. Kulala ndani bila kibali hakuna, na kuanzia Mei 1 mpaka Septemba 30 kila mlango, yaani pale unapoingilia, una idadi yake ya vikundi kwa siku. Unabuki kwenye tovuti ya Recreation.gov, nafasi zinafunguliwa mwisho wa Januari na milango mizuri ya Julai inaisha mapema. Mimi nililipa dola 16 kwa mtu mzima, 8 kwa mtoto, na 6 za kubuki. Kikundi kisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Anayechukua kibali ni mwenye jina lake pale, aje na kitambulisho. Tarehe ya kuingia ndiyo hiyo hiyo, ukibuki Jumamosi usiniambie utaingia Jumapili.

Hatua ya 2, mtumbwi. Kodi, usinunue. Omba wa Kevlar, zile nyuzi ngumu nyepesi, uzito wake ni kama kilo 19, wa alumini unapita kilo 30 na kwenye poteji utaona tofauti. Ila Kevlar haiburuzwi juu ya mawe, unashuka majini miguu iloe, unaubeba.

Hatua ya 3, ramani ya karatasi na dira. Lake One, ziwa la kuingilia upande huo, ina visiwa na vighuba vingi mno, watu hupotea pale pale mlangoni.

Hatua ya 4, poteji. Urefu unapimwa kwa rodi, rodi moja ni futi 16 na nusu, karibu sawa na mtumbwi wenyewe, na rodi 320 ni maili moja. Ukiona poteji ya rodi 100 na unabeba kwa awamu mbili basi umetembea 300, kwenda, kurudi, kwenda tena, piga hesabu hiyo nyumbani kabla ya kuchagua njia. Kuinua: simama katikati, uegemeze mtumbwi mapajani, shika ukingo wa upande wa pili, sukuma kwa goti na uuzungushe mpaka ule ubao wa nira ukae mabegani. Mimi naweka leso nimeikunja kama kata ya kubebea mtungi, nira haiumi kabisa.

Hatua ya 5, kuvuka ziwa. Hapa naomba mtulie. Mimi nimekulia Kipini, pale Mto Tana unapomwagika baharini, mtumbwi nimeupanda kabla sijaanza shule na kuogelea sikumbuki nilijifunza lini. Sasa miaka kadhaa iliyopita, katikati ya Mei, barafu imeyeyuka juzi tu, mimi na binamu yangu tukafika Lake Three saa nane mchana na upepo ushapanda. Laifujaketi yangu nilikuwa nimeikalia kama mto kwa sababu nilijiambia hili ni ziwa tu. Badala ya kufuata ukingo nikakata katikati ili tuwahi. Wimbi la kwanza likatupiga ubavuni, mtumbwi ukanywa maji, la pili likaupindua.

Yale maji si ya Kipini. Kitu cha kwanza pumzi inakuruka, unavuta hewa kwa nguvu bila kutaka, na kama mdomo uko chini wakati huo unavuta maji. Binamu yangu alikuwa amevaa jaketi lake na kulifunga, akaibuka anaelea, ndiye aliyenidaka kola. Hatukuwa hata mita hamsini kutoka ukingoni, upepo ukatusukuma na mtumbwi wetu uliojaa maji mpaka miguu ikagusa mawe. Nikaenda kufungua begi. Kile kishikizo cha plastiki nakiona, vidole vimekigusa, lakini havikibonyezi, kama vidole vya mtu mwingine. Mwisho nikakifungua kwa meno. Ndani kila kitu kimeloa, mifuko ya kulalia yote miwili inachuruzika. Kibiriti cha gesi kidole gumba hakina nguvu ya kuzungusha gurudumu, binamu akakibana kwa viganja viwili akakisugua suruali mpaka kikashika. Tulichowasha ni gome la mti wa birch lililokuwa limeanguka, lile jeupe kama karatasi, lina mafuta na linawaka hata likiwa bichi, moshi wake mweusi unanuka lami. Alhamdulillah lilikuwepo.

Baadaye nikakuta mafunzo ya profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, mtu aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu kwa ajili ya utafiti. Hesabu yake ni 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa kama 1 kabla baridi haijakuzimisha. Yaani hata uwe muogeleaji wa pwani, kuogelea kwako kunaisha ndani ya dakika kumi.

Kwa hivyo: laifujaketi inavaliwa na inafungwa, wakati wote, hata kukiwa shwari. Fuata ukingo hata kama njia inakuwa ndefu mara mbili. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa sita uwe umeshasimamisha hema, maana upepo kwa kawaida unapanda mchana. Ukiona mawimbi yana povu jeupe usiingie, keti upike chai. Upepo ukikukuta ndani piga magoti, usikae kitini, mtumbwi unatulia. Mfuko wa kulalia na nguo kavu vinaingia kwenye nailoni nene NDANI ya begi, unausokota mdomo, unaukunja, unaufunga. Na kibiriti kinakaa mwilini, sio kwenye begi.

Hatua ya 6, kulala. Unalala kwenye kambi zilizowekwa tu, zenye jiko la chuma la moto na choo nyuma yake.

Hatua ya 7, chakula. Mikebe na chupa za kioo za chakula au kinywaji haziruhusiwi, kila kitu hamishia kwenye mifuko. Usiku chakula kinaning'inizwa futi 12 kutoka chini na futi 6 kutoka shina, au kiwe kwenye pipa la kuzuia dubu. Mimi sasa nakodi pipa, maana upande wa Lake Two mpaka Four moto wa Pagami Creek wa 2011 uliunguza miti mikubwa na kupata tawi la maana ni shida.

Hatua ya 8, maji ya kunywa chuja au chemsha.

MASWALI

Deno_MN: Poa sana mkuu. Kibali ni how much na nakipata wapi?

Jibu: Hatua ya 1.

Deno_MN: Nilikua naskim tu. Na je mtu anaejua kuogelea vizuri lazima avae hiyo jaketi? Inabana.

Jibu: Deno nimeandika aya nne juu ya hilo na wewe unaskim. Rudi usome hatua ya 5 neno kwa neno, ukimaliza na bado unaona inabana, usiende.

Mama Nuru: Shikamoo kaka, ahsante kwa somo. Nina binti wa miaka 8 anapenda maji kupita kiasi lakini mimi mwenyewe naogopa, sijawahi kushika kafi maishani. Tuanzie wapi? Na nani anakaa mbele nani nyuma?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri. Usianzie Boundary Waters, anzia Lake Nokomis hapo Minneapolis, mwezi wa Julai maji yana joto, nendeni na mtu mmoja mzoefu. Mtoto akae katikati, chini kabisa, na jaketi lake kafungwa, sheria ya Minnesota inamtaka aliye chini ya miaka 10 avae mtumbwi ukiwa unakwenda. Mnunulie la kipimo chake, mwinue kwa mabega ya jaketi, likipanda mpaka masikioni ni kubwa. Wa mbele anatoa nguvu na kuangalia mawe, wa nyuma ndiye nahodha. Sasa wa nyuma akipiga kafi kulia mtumbwi unakwenda kushoto, wengi hapo ndipo wanabadilisha upande kila dakika na mtumbwi unakwenda kama nyoka. Usibadilishe. Vuta kafi kama kawaida, ikifika usawa wa kiuno chako geuza kifundo cha mkono wa juu mpaka kidole gumba kiangalie chini, kisha sukuma maji nje kidogo tu. Utasikia omo inarudi. Kipe kiganja siku mbili kitazoea. Ukikwama niandikie, saa yoyote.

KaraniBP: Binafsi sioni maana. Umetoka kijijini unalala chini, umefika Marekani una nyumba na kitanda, unalipa pesa ulale chini tena? Hayo ni mambo ya wazungu.

Jibu: Sio ya wazungu kaka. Yale maziwa na zile poteji ni njia za Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, tangu enzi za mitumbwi ya magome ya birch, na mpaka leo mwisho wa Agosti wanaingia na mitumbwi kuvuna mchele wa mwituni, wanauita manoomin, mmoja nyuma anasukuma kwa upondo na mwenzake anagonga masuke kwa vijiti viwili punje zinaangukia ndani. Siku ya kwanza kumuona yule wa upondo nilimuona babu yangu, mkao ule ule, miguu ile ile imetanuka. Miaka tisa nilikuwa sijaona mtu anasimama hivyo ndani ya mtumbwi. Kama wewe huoni maana ni sawa, ila usinipangie cha kwetu ni kipi.

KaraniBP: Nimekuelewa. Samahani kaka.

Jibu: Hamna neno.

Aunty Rehema: Omena naweza kubeba? Na ugali unapikika kule?

Jibu: Ugali unapikika vizuri, sufuria nzito tu na moto wa makaa sio ndimi. Omena ikaushe vizuri, funga mifuko mitatu, ila harufu yake ni kubwa, mimi naila usiku wa kwanza na karatasi yake narudi nayo ndani ya pipa. Sufuria ioshee mbali na ziwa, hatua sabini au zaidi, usimwage ukingoni.

Mzee wa Duluth: Niongezee, chapati. Za kusukumwa na mafuta mengi, zipoe kabisa kabla hujafunga, siku tatu zinakaa. Unapasha juu ya wavu wa jiko.

Aunty Rehema: Mzee umeua. Na mbu?

Mzee wa Duluth: Mbu ni Juni na Julai. Usubi ndio mbaya, mwisho wa Mei kuingia Juni, na wanapenda nguo za rangi nzito hasa buluu, vaa khaki. Mimi na mke wangu tunakwenda baada ya Labor Day, ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba, usubi hamna, mbu wachache, na kambi ziko wazi.

Deno_MN: Nimesoma yote sasa. Swali, ile nailoni nene ni ya aina gani, ile ya takataka?

Jibu: Ile ya wajenzi, ya kuzolea vifusi, sio ya jikoni. Nunua pakiti moja, weka mbili mbili, ya ndani na ya nje. Jaribu nyumbani kwanza, jaza nguo, funga, iloweke kwenye bafu dakika tano halafu ufungue uone. Na Deno, jaketi utachukua saizi gani? Niambie kifua chako, ninalo moja la zaidi nitakuazima.