Kabla Hujachomeka Mkoko, Soma Matope

Kila masika yakikaribia simu yangu huanza kulia. Kikundi fulani kimepata fedha za kupanda mikoko, nao wanataka kujua umbali wa mche hadi mche. Hilo ni jepesi: mita 1 kwa mita 1, au mita 1.5 kama hamna haja ya kuvuna fito nyembamba mapema. Lakini mimi kwanza huuliza: mahali penyewe pana nini sasa hivi? Nikiambiwa "hapana kitu, ni peupe tu," hapo huanza kuingiwa na wasiwasi. Mahali penye msitu jirani, mbegu zinapita kila bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Pakikaa peupe miaka kumi, pana jambo. Kazi ya kwanza ni kulijua jambo hilo. Kupanda kunafuata, na mara nyingine hakuhitajiki kabisa.

Sisi wa pwani tumezoea kuita kila mti wa majichumvi mkoko, na hasara huanzia hapo. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi ya matao, na mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama ukuni mwembamba wa kijani. Ni rahisi kuokota, rahisi kubeba, rahisi kuchomeka. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kupanda mia kwa asubuhi moja na picha ikapendeza. Ndiyo maana kila mradi hupanda mkoko, na hupanda mbele, kwenye tope wazi linalotazama bahari, kwa kuwa pale hapana mwenyewe.

Pana wenyewe. Nenda kwenye msitu ambao haujaguswa, tuseme Ghuba ya Gazi kule Kwale, Kenya, utembee kutoka majini kuelekea nchi kavu. Wa kwanza kukupokea ni mlilana, mwenye tunda la duara lililokalia taji kama nyota, ndani limejaa mbegu ndogo ndogo. Nyuma yake mkoko. Kisha msinzi, wengine huuita muia, kisha mkandaa kwenye udongo mgumu zaidi, na huko juu kabisa chumvi inapokolea utamkuta mchu. Mchu ana vituko: utamkuta nyuma kwenye chumvi kali, na utamkuta tena mbele, bega kwa bega na mlilana. Lamba jani lake utaonja chumvi, maana huitoa nje kupitia majani. Mkomafi na msikundazi wapo pembezoni, hasa karibu na maji baridi.

Kwenye tope jipya, wanaotangulia ni mlilana na mchu. Tazama mbegu ya mchu kwa karibu uone ilivyoumbwa kwa kazi hiyo. Ni bapa, kubwa kuliko harage, ndani ina majani mawili manene yaliyokunjwa. Ikiingia majini hulivua ganda lake, ikaelea. Bamvua huipandisha hadi mahali pa juu, kisha maji mafu, yale yasiyopanda sana, yanafika, na kwa siku kadhaa hakuna wimbi linaloigusa. Siku hizo ndizo nafasi yake. Ikishusha mizizi ya kutosha kabla bamvua jingine halijaja, imeshika; isipowahi, inang'oka na kwenda zake. Tope la chini mno, linalofunikwa na maji kila siku bila kupumzika, haliipi nafasi hiyo hata mara moja.

Mchu ukishika huchomoza vijiti vya kupumulia kutoka matopeni, vingi kama penseli zilizosimikwa. Maji yanayopita hapo hupunguza kasi, vumbi la udongo hutua, mbegu zinazoelea hunasa. Kivuli kinapoanza kutanda, msinzi huingia, kwa kuwa mche wake huvumilia kivuli kuliko wengi.

Hapa nitoe angalizo kidogo. Vitabu vya zamani, hasa baada ya kazi ya John Davis wa Florida mwaka 1940, vilifundisha kwamba mikoko yenyewe huijenga nchi na kutembea kuelekea baharini, kundi moja likimpisha jingine. Ilikuwa hadithi tamu. Mwaka 1967 Bruce Thom, aliyechunguza pwani ya Tabasco nchini Mexico, alionyesha kwamba mto na bahari ndivyo vinavyoweka tope, mti hufuata. Kwa mkulima tofauti hiyo si ya darasani. Ina maana kwamba huwezi kuchomeka mti mahali pa chini ukatarajia mti uje upandishe ardhi.

Mimi nilijifunza kwa fedha za watu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu tulipanda mkoko kwenye tope la mbele, siku mbili nzima, kikundi kizima na wanafunzi. Miezi mitatu baadaye miche ilikuwa imesimama lakini imevaa viganda vyeupe vyenye ncha kali na nywele za mwani, imelemewa kama mchukuzi. Pepo za kusi zilipoanza kuvuma, ikalala yote. Ufilipino wamepitia hayo kwa ukubwa wa nchi: mkoko ulipandwa kwenye tope ambalo kwa asili ni la mlilana na mchu, kwa sababu tu ni rahisi kupanda, na waliofuatilia walikuta uhai wa muda mrefu ni asilimia 10 hadi 20.

Basi pima kwanza. Huhitaji mashine. Subiri maji yajae pomoni, wakati yametulia kabla ya kuanza kutoka. Mtu mmoja asimame na ufito wenye alama za vipimo ndani ya msitu mzima wa jirani, mwingine asimame na ufito wa namna hiyo pale peupe. Pigeni kelele, msome kina kwa wakati mmoja. Uso wa maji uko sawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti ya kina ndiyo tofauti ya ardhi. Kama kwenye mlilana maji yanafika kiunoni na kwenye eneo lenu yanafika kifuani, hapo hapapandwi chochote. Robin Lewis wa Florida, aliyeifanya kazi hii miongo mingi, alikuwa akisema miti hii hustawi mahali maji yanapokaa asilimia 30 ya muda au pungufu. Pwani yetu, ambako bamvua kubwa hupanda na kushuka karibu mita 4, tofauti ya kiganja kimoja cha ardhi ni saa nyingi za maji kwa mwezi.

Tatizo likiwa kinyume chake, yaani maji hayafiki, dalili ni ukoko mweupe wa chumvi na visiki vilivyokauka vikiwa vimesimama. Tafuta tuta. Litakuwa la shamba la chumvi lililoachwa, au barabara isiyo na kalavati, au mkono wa mto uliozibwa na mchanga. Toboa tuta sehemu mbili tatu, ukifuata njia ya zamani ya maji, kisha ngoja misimu miwili ya mbegu. Nimeona mahali ambapo fedha za kitalu zingenunua majembe tu na kazi ingekuwa imekwisha.

Delta ya Rufiji, kule Tanzania, ina kisa chake. Huko wakulima hufyeka mikoko walime mpunga mahali maji baridi ya mto yanaposukuma chumvi. Baada ya misimu kadhaa magugu huwashinda, wanahama. Shamba lililoachwa halirudi kuwa msitu kwa urahisi, kwa sababu mimea inayotambaa na majani marefu hulifunika, mbegu ikifika haigusi udongo wala haioni jua. Kwa shamba kama hilo ushauri wangu ni kufyeka magugu kabla tu ya mbegu za mchu kuanza kudondoka, na kurudia mwaka wa pili. Kumbuka misitu hii ni hifadhi Kenya na Tanzania pia. Hata kufyeka magugu, pita kwanza KFS (wakala wa misitu wa Kenya) au TFS (wa Tanzania) mpate ruhusa, isije nia njema ikaishia kituoni.

Halafu kuna kaa. Kaa mwenye magando mekundu, hasa kwenye ukanda wa juu wa mchu na mkandaa, huburuta mbegu hadi shimoni na kuila. Usimwage sumu, mashimo yake ndiyo yanayoingiza hewa kwenye tope. Mahali penye mashimo mengi, kuza miche kitaluni hadi ishike shina gumu ndipo uipeleke. Kwingineko mbegu ya mkoko huchomekwa moja kwa moja: chagua ambayo shingo yake imegeuka njano na inachomoka yenyewe ukiigusa, isiyo na tundu la mdudu, uizamishe theluthi tu. Ya kijani iliyonyofolewa kwa nguvu haiko tayari, hata kama hesabu ya mfadhili haijatimia.

Kupanda kuna mahali pake. Gazi ilikatwa sana kwa kuni za viwanda miaka ya 1970, na sehemu nyingine zilibaki kapa. Mkoko uliopandwa huko miaka ya 1990 ulifanya kilichokuwa kimeshindikana: chini yake msinzi na mkandaa vilijileta vyenyewe, wakati uwanda mtupu wa jirani haukuvuta kitu. Palipo na kina sahihi lakini mbegu hazinasi, safu chache za kwanza ni mlango.

Lakini mlango ukifunguka, mjue wageni wenu. Mwaka juzi nilimkuta mama mmoja wa kikundi amejikunja kati ya mistari ya mkoko wa miaka minne, anapalilia. Ndoo yake ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Nikamuuliza, mama, hayo ni magugu gani? Akanionyesha: msinzi, mkandaa, na michu miwili mitatu. "Si mstari wetu huu," akasema. Tulikaa pale hadi maji yalipoanza kutugusa miguu, tukirudisha matopeni ile ambayo mizizi yake ilikuwa bado mizima.