Kompyuta saba, bando moja: ninavyotunza vifurushi vya Debian dukani Kirumba

Duka langu la steshenari liko Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la Mwaloni. Upepo wa asubuhi ukivuma kutoka ziwani, harufu ya dagaa inafika mpaka kwenye printa. Nina kompyuta saba: nne za wateja, mbili za kuchapa, na laptopu moja kuukuu niliyoigeuza kuwa ghala la duka. Zote zinatumia Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Intaneti inatoka kwenye ruta moja yenye laini ya simu, na kila MB inayopita pale nimeilipia mwenyewe.

Miongozo mingi ya Linux niliyosoma nikijifunza ilimlenga mtu ambaye intaneti yake haiishi na umeme wake haukatiki. Mimi namwandikia mwenye ofisi ndogo, maabara ya shule au duka kama langu, anayetaka kompyuta zake zikae na programu mpya bila kufilisika.

Kwanza tuelewane maneno. Huku kwetu ukisema kifurushi, mtu anafikiria bando la simu. Hapa kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake: jina, toleo, na orodha ya vifurushi vingine inavyovihitaji ili ifanye kazi, yaani vitegemezi vyake. Vifurushi vinakaa kwenye maghala ya Debian huko intaneti. Anayevifuata na kuhesabu kipi kinahitaji kipi ni apt. Anayevifungua na kuweka kila faili mahali pake ni dpkg. Huyu dpkg ndiye mkongwe, yupo tangu 1994. Apt aliingia na Debian 2.1 mwaka 1999. Washike wote wawili kichwani, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, wa kwanza kuitwa ni dpkg.

Sasa amri mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku (neno sudo mbele linaomba mamlaka ya msimamizi wa kompyuta):

sudo apt update
sudo apt upgrade

Ya kwanza haibadilishi programu hata moja. Inaleta orodha mpya ya vilivyopo ghalani, kama mtu anayepita Mwaloni asubuhi kuuliza bei ya leo kabla ya kutoa hela. Ya pili ndiyo inanunua. Ukiruka ya kwanza, apt inakwenda na orodha ya wiki tatu zilizopita, inaomba toleo ambalo ghala limeshaliondoa, na unarudishiwa kosa la 404, yaani ulichoomba hakipo. Katikati yake mimi huweka `apt list --upgradable` nione nini kinasubiri. Jambo lingine la kujua: `apt upgrade` haiondoi kifurushi chochote kilichopo, lakini `apt full-upgrade` inaweza kuondoa ikiona lazima.

## Soma kabla ya kubonyeza Y

Andika `sudo apt install gimp`, programu ya kuhariri picha, uone. Kama vitegemezi vyake havipo, apt inasimama na kukuonyesha vitakavyoingia, vitakavyosasishwa, vitakavyoondolewa, halafu mistari miwili: `Need to get` inakwambia MB ngapi zitapakuliwa, na `After this operation` inakwambia diski itajazwa au kuachiwa kiasi gani. Kwenye Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, apt imebadilisha sura: vinavyoingia vina rangi ya kijani, vinavyotoka vina nyekundu, na kiasi cha kupakua kimeandikwa `Download size`. Habari ni ileile.

Kijana anayenisaidia dukani alikuwa anatafuta nafasi kwenye diski ya kompyuta ya tatu. Akaona python3, lugha ya kuandikia programu, akasema hakuna mteja anayeitumia, akaandika `sudo apt remove python3`. Bahati nzuri aliniita. "Dada, mbona orodha ni ndefu hivi?" Nikaenda kusoma naye. Chini ya neno `REMOVED` vilijipanga vifurushi skrini nzima, na ndani yake vipande vya mfumo wenyewe wa madirisha. Sehemu nyingi za Debian zinaitegemea Python bila mteja kuiona. Tukabonyeza N. Tangu siku ile kanuni ya dukani ni moja: ukiona `REMOVED` na hukuelewa kwa nini kifurushi fulani kimo, hubonyezi kitu mpaka uelewe. `apt show jina` (mahali pa jina weka jina la kifurushi) itakwambia kifurushi ni cha nini, na `apt rdepends --installed jina` itakwambia nani anakitegemea.

## Ghala la duka

Chukua nyumba saba za mtaa mmoja, kila moja inapanda bodaboda kwenda Mwaloni kununua dagaa kopo moja. Nauli inazidi bei ya dagaa. Akienda mmoja akaleta gunia, wengine wanachota kwake. Kompyuta saba zikisasishwa kila moja kivyake zinapakua vitu vilevile mara saba. Kazi ya kuleta gunia inafanywa na apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala ya kila kifurushi kilichopakuliwa.

Kwenye laptopu ya ghala:

sudo apt install apt-cacher-ng

Ikikuuliza swali kuhusu kupitisha miunganisho mingine ndani yake, jibu hapana. Kisha andika `hostname -I` upate anwani yake ya mtandao. Yangu ni 192.168.1.10. Ingia kwenye ruta uifunge anwani hiyo kwa laptopu ile. Mimi mwanzoni sikuifunga. Siku moja ruta ilizimwa, ikawashwa, ikagawa anwani upya, na kompyuta sita zikabaki zinagonga mlango usio na mtu.

Kwenye kila kompyuta nyingine, mstari mmoja:

echo 'Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/02ghala

Kuanzia hapo kompyuta ya kwanza kusasishwa inakula bando, na zinazofuata zinachota kwa laptopu kupitia waya wa dukani. Fungua `http://192.168.1.10:3142/acng-report.html` kwenye kivinjari uone ni kiasi gani kimetoka ghalani na kiasi gani kimefuatwa nje. Sharti ni kwamba anwani za maghala kwenye `/etc/apt/sources.list` zianze na http, zisiwe https, kwa sababu ghala la duka haliwezi kutunza kilichofichwa ndani ya https. Usihofu kuhusu usalama. Orodha ya Debian imetiwa saini, ndani yake kila kifurushi kina alama yake ya SHA256, na apt inapopakua inalinganisha. Kilichochezewa njiani kinakataliwa.

Kumbuka tu kwamba laptopu ikizimwa, nyingine sita hazitapata kitu. Siku kama hiyo lihamishe faili la `02ghala` kwa muda, kisha ulirudishe.

## Umeme

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Ilikuwa saa nane mchana. Mwanafunzi wa chuo alikuwa amesimama kaunta na flashi yenye ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. "Dada, nina dakika ishirini tu, gari linaondoka." Kompyuta ya kuchapa ilikuwa katikati ya `upgrade`, mistari ya `Setting up` inapita, na betri ya UPS, kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ilikuwa imekufa wiki iliyotangulia. Umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta iliwaka mpaka kwenye skrini nyeusi ikaishia hapo.

Nilimchapia kwenye kompyuta ya pili, akaondoka na ripoti yake. Kisha nikarudi kwenye ile nyeusi. Kama imekutokea, fanya hivi. Bonyeza Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja upate mahali pa kuingilia kwa maandishi. Weka jina na neno la siri, halafu:

sudo dpkg --configure -a

Amri hii inamwambia dpkg arudi kwenye kila kifurushi alichokiacha nusu na kukimalizia. Huenda akasimama kukuuliza kama aweke faili jipya la mipangilio au abaki na lako. Ukibonyeza Enter anabaki na lako, na kwa kawaida ndilo jibu salama. Baada yake:

sudo apt --fix-broken install
sudo apt upgrade

Yangu ilirudi hapo hapo. Lakini umeme unaweza pia kuacha faili likiwa tupu ingawa dpkg anaamini limekamilika. Ndiyo maana baadaye niliweka kifurushi cha `debsums` nikaendesha `sudo debsums -s`, ambayo inakaa kimya isipokuwa ikikuta faili lililoharibika. Ikikutajia moja, `dpkg -S` pamoja na njia ya faili hilo itakwambia ni la kifurushi gani, kisha kirudishe kwa `sudo apt install --reinstall jina`.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba apt ikikataa kwa sababu ya `/var/lib/dpkg/lock-frontend`, ufute faili hilo. Usifute. Kufuli lipo kwa sababu kuna programu nyingine inafanya kazi, mara nyingi usasishaji unaojiendesha wenyewe, na ujumbe wenyewe unakutajia namba na jina lake. Subiri imalize. Kama usasishaji huo ndio unaokula bando lako mchana, uzime kwa utaratibu:

sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer

Ukishauzima, jukumu la kusasisha ni lako, na vifurushi vya usalama havisubiri. Mimi nimejiwekea Jumapili usiku, ninaponunua bando la usiku. Na hapa ndipo dawa yenyewe ya umeme ilipo: tenganisha kupakua na kusakinisha. Usiku naendesha

sudo apt-get update
sudo apt-get -d upgrade

Herufi d inasema pakua tu, usiguse kitu. Umeme ukikatika wakati wa kupakua, hasara ni ndogo. Faili lililofika nusu linakaa kwenye `/var/cache/apt/archives/partial` na mara nyingi apt inaendelea pale ilipoishia. Asubuhi UPS ikiwa imejaa naandika `sudo apt-get upgrade`. Itakuonyesha kitu kama `Need to get 0 B/84 MB`, maana yake kati ya MB 84 zinazohitajika, hakuna iliyobaki kupakuliwa. Kinachobaki ni dakika chache za kufungua na kupanga.

Natumia apt-get, amri ya zamani ya kazi zilezile za apt, hapa kwa makusudi. Kwa kawaida `apt` inafuta vifurushi ikishavisakinisha, ilhali `apt-get` inaviacha ukavitumia tena. Diski ikijaa, `sudo apt-get clean` inavifagia vyote, na `sudo apt autoremove` inaondoa vitegemezi visivyo na mwenyewe. Hata hapo soma orodha kwanza.

Printa ikishakubali, nafunga dereva wake, yaani programu inayoiendesha, asibadilike bila mimi kujua: `sudo apt-mark hold printer-driver-gutenprint`. Nikipata muda wa kujaribu namfungua kwa `unhold`. Kivinjari sikifungi kamwe. Hicho lazima kiwe kipya. Na kifurushi cha .deb kinacholetwa na flashi ya mtu nisiyemjua hakiingii dukani, kwa sababu kinapofunguliwa kinafanya kazi kwa mamlaka yote ya kompyuta, na saini ya Debian haikilindi.

## Mzigo wa Nansio

Kuna shule ya msingi kule Ukerewe ambayo niliwaandalia kompyuta kumi, zote kwa namna moja, nikazisasishia orodha na kuweka apt-offline, programu ya kupelekea vifurushi kompyuta isiyo na intaneti, kabla hazijapanda meli. Shuleni hakuna intaneti. Siku chache baadaye mwalimu wa kompyuta akataka GCompris, michezo ya kujifunzia ya watoto. Nilimwelekeza kwa simu aandike kwenye kompyuta mojawapo:

sudo apt-offline set orodha.sig --install-packages gcompris-qt

Hilo `orodha.sig` ni faili dogo la maandishi lenye anwani za vifurushi vinavyokosekana. Akalihamishia kwenye simu yake kwa waya, akanitumia kwa WhatsApp. Usiku ule dukani:

apt-offline get orodha.sig --bundle mzigo.zip

Nikaweka `mzigo.zip` kwenye flashi, nikaifunga ndani ya bahasha, nikampa mtu wa kwao aliyekuwa anapanda meli ya kwenda Nansio, huko Ukerewe. Kwa kuwa kompyuta zote kumi zilikuwa sawa, mzigo ule ule ulitosha zote. Kwa kila moja mwalimu alitakiwa kuandika:

sudo apt-offline install mzigo.zip
sudo apt-get install gcompris-qt

Jioni akanipigia, sauti za watoto nyuma yake. "Dada, imesimama inauliza. Imeandika Need to get, halafu sifuri B, mkwaju, na namba kubwa." Nikamuuliza kama kuna neno `REMOVED` juu. Akapanda na orodha mstari kwa mstari, akasema hakuna. Nikamwambia abonyeze Y.