Kumuuguza mgonjwa wa korona nyumbani: chumba, oksimita na saa ya kwenda hospitali

Wagonjwa wengi wa korona hupona nyumbani. Kitanda cha hospitali ni cha yule ambaye mapafu yake yameshindwa kupata oksijeni ya kutosha, na oksijeni hiyo ina hesabu yake: silinda kubwa ya lita 6,800, mgonjwa akivuta lita 10 kwa dakika, inakwisha kwa saa 11 na ushei. Mgonjwa mmoja anamaliza silinda mbili kwa siku. Kwa hiyo familia ina kazi mbili: kuzuia mgonjwa mmoja asizae watano, na kumtambua mapema anayetakiwa kupelekwa.

Hatua ya 1: Hewa ya chumba

Mpe mgonjwa chumba chenye dirisha la nje, lisilofungukia kwenye korido. Dirisha liwe wazi mchana kutwa, mlango wa ndani ufungwe. Feni iweke karibu na dirisha ikitazama nje, itoe hewa. Feni inayompulizia mgonjwa huku mlango uko wazi inapeleka pumzi yake moja kwa moja sebuleni.

Mkiwa chumba kimoja, mgonjwa alale upande ambako hewa inatokea kwenda nje, si inakoingilia, na mchana akae barazani au uani. Shuka la kutenganisha vitanda halizuii hewa. Linawatuliza watu tu. Choo cha pamoja: mgonjwa aoge wa mwisho, kisha kiachwe wazi nusu saa.

Hatua ya 2: Mhudumu mmoja

Ateuliwe mtu mmoja, ikiwezekana aliyechanjwa, asiye mzee, asiye mjamzito wala mwenye kisukari au presha. Yeye na mgonjwa wavae barakoa za hospitali zilizobana puani kila wanapokuwa pamoja. Ikilowa, itupwe. N95, barakoa inayochuja chembe ndogo zaidi, ikipatikana, avae mhudumu.

Hatua ya 3: Kupima oksijeni

Hapa ndipo watu wanapopotea. Korona inaweza kumshusha mtu oksijeni huku anaongea vizuri na kula, na mara nyingi hali hubadilika kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu dalili zianze, wakati homa imeshatulia na nyumba nzima imelegeza uangalizi.

Pima asubuhi, mchana na usiku kwa oksimita, kifaa kidogo kinachobana kidole na kupima oksijeni kwenye damu. Mgonjwa akae ametulia dakika tano, mkono uwe wa joto, upumzike kifuani au mezani. Futa rangi ya kucha. Kama vidole vina piko, tafuta kidole kisicho nayo. Chomeka kidole cha kati na usisome namba ya kwanza: subiri kama dakika moja mpaka itulie. Oksimita inaonyesha namba mbili, ya oksijeni (SpO2) na ya mapigo ya moyo. Kuna wanaozichanganya, wakaona 88 ya mapigo wakakimbilia hospitali usiku, au wakaona 98 ya mapigo wakalala.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa sugu wa mapafu: 95 na zaidi, endelea nyumbani. 93 au 94, rudia baada ya saa moja. Ikibaki hapo, piga simu kituo cha afya siku hiyohiyo. 92 kushuka, nenda sasa. Oksimita huweza kuonyesha namba kubwa kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo usibishane na 93. Tazama pia mwendo: aliyeanza na 98 akafika 95 ameshuka pointi tatu, naye ni wa kufuatiliwa kwa karibu.

Huna oksimita? Hesabu pumzi kwa dakika nzima bila kumwambia, kwa sababu akijua atabadilisha upumuaji. Zikizidi 30, ni hospitali.

Hatua ya 4: Dawa

Homa na maumivu: parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Soma maboksi ya dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake. Maji, uji na supu kidogokidogo.

Usimnunulie deksamethasoni, dawa ya steroidi, duka la dawa. Utafiti wa RECOVERY, uliofanyika Uingereza mwaka 2020, ulionyesha inaokoa maisha ya wanaohitaji oksijeni. Wasioihitaji hawakupata faida, na dawa hiyo hupandisha sukari. Azithromaisini ni antibiotiki, haiui virusi. Nyungu nayo haiui virusi mapafuni, inaunguza, na watu wawili chini ya blanketi moja wanavuta pumzi ileile.

Hatua ya 5: Usafi

Sabuni kwanza. Vinavyoshikwa sana, kama kitasa na bomba, vifute kwa jiki ya asilimia 3.5: mililita 30 kwa lita moja ya maji, ichanganywe upya kila siku. Usiichanganye na dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya sumu.

Hatua ya 6: Safari ya hospitali

Mbali na namba, mpeleke mara moja akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, akibanwa kifua, akichanganyikiwa, asipoamshika vizuri au midomo ikigeuka rangi. Piga simu kwanza uulize kama wana oksijeni na kitanda. Kuzunguka vituo vitatu kunakula saa ambazo mgonjwa hana. Mkisubiri gari, akae ameinuka au alale kifudifudi, vyovyote anavyopumua kwa urahisi.

Kwenye gari vioo vishushwe, wote wavae barakoa. Asindikizwe na mhudumu peke yake, akiwa na dawa anazotumia, kadi ya bima na daftari lenye tarehe dalili zilipoanza na vipimo vyote. Daktari wa zamu akiona 97, 96, 93, 91 kwa mfululizo, ataamua haraka kuliko akisikia "ameanza kuzidiwa jana".